Nichukue mkopo wa chama nidungwe sindano za goti?

Hujambo daktari,

Mimi ni mama wa miaka 61, nauza mboga hapa Kayole. Goti langu la kulia limenisumbua kwa miaka kadhaa sasa. Lilianza kwa kukakamaa asubuhi nikadhani ni baridi ya Julai, kisha likawa linavimba jioni, na siku hizi nikishuka ngazi nalisikia likisaga. Tunaishi ghorofa ya nne na mjengo wetu hauna lifti. Alfajiri naenda Marikiti kuchukua nyanya na vitunguu, na kupanda matatu na mzigo imekuwa vita. Kondakta ananiambia, "Mathe, harakisha," na mguu umekataa kukunjika.

Mwaka jana nilipigwa picha ya eksirei. Daktari akasema gegedu limelika, ni osteoathritisi. Akanidunga sindano ndani ya goti, akaniambia ni steroidi. Daktari, nilishangaa. Baada ya siku chache nilikuwa napanda ngazi bila kushika ukuta, na usiku nalala. Raha hiyo ilidumu kama miezi miwili. Nilirudi nikadungwa tena, lakini mara ya pili nafuu haikufika hata mwezi. Halafu wiki ile sukari yangu ilipanda sana. Nina kisukari na presha na natumia dawa za vyote viwili, lakini hakuna aliyenieleza kwamba sindano ya goti inaweza kugusa sukari.

Maumivu yakizidi, kuna kijana wa duka la dawa hapa mtaani anayenidunga diklofenaki kwenye makalio. Si ghali, na siku hiyo nafanya kazi vizuri.

Sasa nimeenda kliniki nyingine huko mjini. Wameniambia niachane na steroidi kwa sababu inamaliza goti, na kwamba wao wana sindano za plazma. Wanakutoa damu yako mwenyewe, wanaizungusha kwenye mashine, halafu sehemu yake wanakurudishia ndani ya goti. Wanasema gegedu litaota upya. Ni sindano 3, kila moja shilingi 25,000. Nilipolalamika bei, wakasema iko ya jeli pia, ya kulainisha goti, lakini nayo haiko mbali na hapo. Jirani yangu alidungwa hizo za plazma na kweli anatembea, nimemwona kwa macho yangu. Naye dada mmoja wa kanisani ananionya nisithubutu, eti sindano ya goti humlemaza mtu.

Chama chetu kiko tayari kunikopesha hizo 75,000 na wanangoja jibu langu. Kitindamimba wangu yuko chuo cha kiufundi na karo ya muhula ujao sijaimaliza. Wanangu wakubwa wanasema, "Mama, afya kwanza." Najua nisipotembea sitauza, na nisipouza hatutakula. Lakini nikikopa na goti lisipone, nitalipa na nini?

Nieleze ukweli, daktari. Nikope? Nirudi kwa steroidi? Ama nivumilie tu?

Mama Mboga, Kayole

JIBU

Mama, nitaanza na pesa kwa sababu chama wanakungoja. Usichukue mkopo huo kwa ajili ya sindano za plazma, wala usiikopee jeli. Sisemi waliokuhudumia ni matapeli; wako madaktari waliosoma vizuri wanaozitoa sindano hizi kwa nia njema. Ila ahadi uliyopewa, kwamba gegedu litaota upya, haijathibitishwa, na karo ya mtoto haifai kuwekwa rehani kwa ahadi ya namna hiyo.

Na hapana, usivumilie tu. Kuna mengi ya kufanya, na yenye nguvu zaidi hayafiki bei hiyo hata kidogo.

Kwanza ulielewe goti lenyewe, maana neno "limelika" huwatia watu hofu kuliko inavyostahili. Gegedu ni lile tabaka jeupe linaloteleza, linalofunika ncha za mifupa inapokutana. Halina mishipa ya damu, na ndiyo maana likichakaa halijitengenezi kama ngozi inavyofunga kidonda. Lakini maumivu yako hayatoki kwenye gegedu. Gegedu halina hata neva za kuhisi uchungu. Yanatoka kwenye utando wa ndani ya goti unaovimba na kutoa maji mengi, kwenye mfupa ulio chini ya gegedu, kwenye kano, na kwenye misuli ya paja iliyolegea kwa sababu umekuwa ukiupumzisha mguu huo kila unapouma. Nimeona watu ambao picha zao za eksirei zinatisha na bado wanatembea kwenda kazini kila siku, na wengine ambao picha zao ni afadhali lakini hawalali. Kwa hiyo hata gegedu lisipoota tena maisha yako yote, maumivu yanaweza kupungua sana.

Sasa steroidi. Hii hutuliza ule uvimbe wa utando wa ndani, na ndiyo maana hufanya kazi vizuri zaidi goti likiwa limejaa maji na joto. Nafuu yake kwa kawaida ni ya wiki chache, wengine hufika miezi mitatu. Miezi miwili uliyoipata mwanzoni ilikuwa bahati nzuri, na kwamba mara ya pili haikufika mwezi si ajabu, huwapata wengi. Haikuponyi, inakununulia muda. Swali ambalo hukuulizwa na yeyote, na ambalo lingefaa uulizwe kabla ya sindano ya kwanza, ni muda huo utautumia kufanya nini. Nitarudi hapo.

Dada wa kanisani ametia chumvi, lakini hakutunga. Mwaka 2017, jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa wagonjwa 140 wenye osteoathritisi ya goti. Nusu yao walidungwa steroidi kila baada ya wiki 12 kwa miaka miwili, wenzao wakadungwa maji ya chumvi tu bila kujua. Mwishoni, waliopata steroidi walikuwa wamepoteza gegedu zaidi kuliko wenzao, na maumivu yao hayakuwa yamepungua kuwashinda wale wa maji ya chumvi. Kulemaa ni jambo jingine, na sindano moja au mbili zilizodungwa vizuri hazikulemazi. Lakini kuifanya desturi ya kila mwezi, au kila goti linapokukasirisha, ni kulila goti lako mwenyewe. Madaktari wengi hawazidishi tatu au nne kwa mwaka katika goti moja, na huacha angalau miezi mitatu katikati.

Kupanda kwa sukari hakukuwa bahati mbaya. Steroidi iliyodungwa kwenye goti huingia kwenye damu kiasi, na kwa mwenye kisukari inaweza kupandisha sukari kwa siku kadhaa, hata wiki. Hilo lilipaswa kusemwa kabla sindano haijagusa ngozi yako. Ukidungwa tena siku zijazo, sukari iwe imetulia kwanza, pima asubuhi na jioni kwa wiki nzima baada ya hapo, na ujue mapema utampigia nani simu ikipanda. Kama tayari iko juu siku ya miadi, ahirisha. Goti litangoja.

Na kwa kuwa umeshadungwa na pengine utadungwa tena, ujue sindano nzuri ya goti inavyodungwa, ili ukiona vingine uinuke uende zako. Unalala au unakaa goti likiwa limelegea. Daktari anapapasa ukingo wa kilegesambwa, kile kifupa cha mbele, anatafuta mwanya ulio kati yake na paja. Anaosha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu na kuiacha ikauke, kisha haigusi tena kwa kidole kitupu. Sindano ni mpya, inafunguliwa mbele yako. Kama goti limevimba, kwanza anavuta maji yaliyomo. Maji ya osteoathritisi huwa ya manjano hafifu, unaweza kuona kupitia kwayo. Yakitoka mazito, yenye ukungu au kama usaha, hakuna steroidi itakayoingia siku hiyo. Yanapelekwa maabara, maana huenda ni maambukizi au jongo. Ukiona mtu anakudunga steroidi kwenye goti lenye joto kali bila hata kuuliza kama una homa, huyo hajali. Baada ya sindano, goti linaweza kuuma zaidi kwa siku moja au mbili kabla ya kutulia, na kwa sisi wenye ngozi nyeusi doa jeupe linaweza kubaki pale sindano ilipoingia. Pumzisha mguu siku hiyo na kesho yake, usiende Marikiti.

Tuje kwa plazma, kwa sababu hapo ndipo pesa ilipo. Wanachofanya ni kutenga sehemu ya damu yenye chembe sahani nyingi, zile zinazosaidia damu kuganda, kwa matumaini kwamba kemikali zake zitachochea goti kujitengeneza. Matumaini hayo si ya kipuuzi, na zipo tafiti ndogo zilizotoa matokeo ya kufurahisha. Ila mwaka 2021 watafiti wa Australia walichapisha utafiti mkubwa uliofanywa kwa uangalifu. Watu 288, wote wa miaka 50 na zaidi, walidungwa mara 3 kama wewe unavyotaka kudungwa. Nusu plazma, nusu maji ya chumvi, bila mgonjwa kujua alichopewa. Baada ya mwaka mmoja, katika kipimo cha maumivu cha kuanzia 0 hadi 10, waliopewa plazma walishuka kwa pointi 2.1. Waliopewa maji ya chumvi walishuka kwa 1.8. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba haihesabiki. Walipopimwa gegedu kwa mashine ya MRI, lilikuwa limepungua kwa makundi yote mawili, karibu sawasawa. Halikuota.

Sasa tazama tena hizo namba, mama, maana ndani yake kuna jibu la jirani yako. Waliodungwa maji ya chumvi matupu nao walipata nafuu! Goti la osteoathritisi lina msimu wake, huwaka, hutulia. Mtu huenda hospitali likiwa limewaka, na mara nyingi lingetulia kiasi hata bila dawa. Juu ya hapo, kuhudumiwa kwa makini na kutumaini kupona hupunguza uchungu kwa kweli kabisa, haya si maigizo. Kwa hiyo simkanushi jirani yako. Anatembea, nafurahi naye. Nisichokubali ni kwamba kilichomtembeza lazima ni ile 75,000. Chama cha madaktari wa magonjwa ya viungo cha Marekani, katika mwongozo wake wa 2019, kilipendekeza kwa mkazo kwamba plazma isitumike kwa osteoathritisi ya goti.

Jeli nayo ni asidi ya hayaluroniki, kitu kinachopatikana kiasili katika ute wa goti. Ya dukani nyingine hutengenezwa kutokana na kilemba chekundu cha jogoo, kwa hiyo mwenye mzio wa kuku au mayai lazima aseme. Mwaka 2022 jarida la BMJ la Uingereza lilikusanya tafiti 169 za jeli hizi, zenye wagonjwa zaidi ya 21,000. Nafuu iliyozidi ya sindano bandia ilikuwa kama pointi 2 katika 100. Mgonjwa hawezi hata kuisikia. Tena madhara makubwa yalikuwa mengi zaidi kwa waliopewa jeli. Ukisikia na habari za seli shina, yaani seli changa zinazotarajiwa kugeuka kuwa gegedu, ambazo bei yake ni kubwa zaidi, jibu langu ni lile lile: utafiti wa Marekani wa watu 475, uliochapishwa 2023, haukuona ikiishinda steroidi ya kawaida baada ya mwaka.

Lakini sindano inayonikosesha usingizi katika barua yako ni ile umeitaja kwa mistari miwili, ya makalio. Mama, naomba uiache. Mgonjwa mwenye presha na kisukari kwa pamoja figo zake tayari ziko hatarini, na diklofenaki ya sindano au ya vidonge huzibana zaidi, hupandisha presha, hupunguza nguvu ya dawa kadhaa za presha, na inaweza kutoboa tumbo likatoa damu bila wewe kusikia maumivu. Kijana wa duka la dawa hajui kiwango cha figo zako, na kama hajui, hana haki ya kukudunga. Anakusaidia siku moja na kukukopesha tatizo la maisha, tena katika mtaa ambao kila mtu anamjua mtu anayeenda kusafishwa damu. Nenda upimwe figo mwezi huu, ni kipimo cha kawaida cha damu. Badala ya sindano, nunua jeli ya diklofenaki ya kupaka. Dawa ni ile ile lakini inayofika kwenye damu ni kidogo sana. Paka gotini mara 3 au 4 kwa siku, pande zote, ukisugua polepole, kwa wiki kadhaa bila kukosa kabla ya kuhukumu kama inafaa. Mwambie daktari wako wa presha kwamba unaitumia.

Sasa turudi kwa lile swali la muda. Mwaka 2020, jarida la New England la Marekani lilichapisha utafiti wa watu 156 wenye osteoathritisi ya goti. Kundi moja lilidungwa steroidi, jingine likafanyiwa fiziotherapia. Baada ya mwaka walipimwa maumivu na uwezo wa kutembea kwa alama za 0 hadi 240, ambapo alama nyingi ni ugonjwa mwingi. Wa sindano walikuwa na wastani wa 55.8. Wa fiziotherapia, 37.0. Hakuna aliyeniletea tangazo la fiziotherapia kwenye simu yangu, lakini la plazma naliona kila wiki.

Sababu yake ni rahisi. Misuli ya paja hulifanyia goti kazi ile springi huifanyia matatu: ikilegea, kila shimo la barabara hupigwa na mwili wa gari wenyewe. Ukiwa kwenye maumivu huwezi kuimarisha paja. Hapo ndipo steroidi ina nafasi yake halali. Wiki zile chache za nafuu ndizo za kufanya mazoezi kwa bidii, ili nafuu ya dawa ikiisha ukute paja limeshachukua mzigo. Wewe ulipopata ile nafuu ya kwanza ulifanya nini? Nadhani ulirudi Marikiti na magunia, na sikulaumu, hakuna aliyekuambia vingine.

Anza hata leo, bila sindano. Hapo kibandani, mteja asipokuwepo, kaa vizuri kwenye stuli, mgongo wima. Nyoosha mguu wa kulia mbele mpaka goti linyooke kabisa, vidole vikielekea juu. Kaza paja. Weka mkono juu yake, uusikie msuli ukiwa mgumu. Kama ni laini hujakaza. Hesabu polepole hadi kumi bila kuzuia pumzi, kisha ushushe mguu taratibu, usiuangushe. Fanya mara kumi, halafu mguu wa kushoto nao, kwa sababu ndio unaobeba deni la mwenzake. Rudia asubuhi, mchana na jioni. Jioni nyumbani, kaa ukingoni mwa kitanda, kunja mikono kifuani, simama bila kujisukuma, keti tena polepole. Kama kitanda ni cha chini mno, weka mto mgumu chini yako. Mara tano zinatosha kwa kuanzia. Utasikia maumivu kiasi, na hayo hayaharibu kitu. Kipimo changu ni hiki: kama asubuhi yake yametulia, endelea, kama bado yamepanda, punguza idadi lakini usiache. Usitarajie muujiza kabla ya wiki sita au nane.

Ungeweza kufanya haya peke yako, lakini ningependa mtaalamu wa fiziotherapia akuone angalau mara chache za mwanzo, akurekebishe na akuongezee. Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko upande wako wa mji, anzia hapo. Uliza mapema ni kiasi gani utalipa na kama usajili wako wa SHA, ile bima ya afya ya serikali, unasaidia, usiende kwa kubahatisha.

Mengine ni ya kila siku. Ngazi: kupanda, tanguliza mguu wa kushoto ulio mzima, kushuka, tanguliza wa kulia. Kwenye matatu hali kadhalika. Bakora, ukiikubali, ishikwe mkono wa kushoto, mkabala na goti bovu. Wengi huishika upande mbaya na kuiona haina maana. Usipige deki kwa magoti, tafuta mopa yenye mpini. Mzigo wa Marikiti ugawane na mama mwingine mkodi mkokoteni, ama ulipie hadi kibandani. Najua hiyo ni pesa, lakini linganisha na 25,000. Hukunitajia uzito wako na sitaukisia, ila kama upo wa kupunguza, utafiti mmoja uligundua kwamba kila kilo inayoondoka mwilini huliondolea goti mzigo wa kama kilo nne katika kila hatua. Sukari nayo itakushukuru.

Steroidi nyingine, basi? Si sasa. Ipe miezi mitatu tangu ile ya mwisho, sukari itulie, mazoezi yaanze. Goti likivimba tena baada ya hapo na kukuzuia kufanya mazoezi, moja inaweza kukufaa, kwa mpango na kwa sababu. Anayekudunga awe daktari aliyesajiliwa. Jina lake unaweza kulitafuta kwenye orodha ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari Kenya, mtandaoni, mwambie mwanao akusaidie.

Ikiwa umefanya haya yote kwa dhati kwa miezi kadhaa na bado goti linakuamsha usiku na kukufungia ndani, zungumza na daktari wa upasuaji wa mifupa, hospitali ya Kenyatta au ya Kikuyu, kuhusu kubadilishiwa goti. Uko katika umri unaofaa. Katika rekodi za nchi zinazofuatilia, magoti bandia 8 hivi kati ya 10 hufikisha miaka 25 bila kubadilishwa. Ni gharama kubwa, na kama ni kukopa, hapo ndipo chama kingekopesha kitu kinachojulikana kufanya kazi. Ila mwambie daktari huyo tarehe ya sindano yako ya mwisho, kwa sababu steroidi iliyodungwa ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji huongeza hatari ya goti jipya kuingia vijidudu.

Jambo la mwisho, na hili mwambie hata jirani yako. Baada ya sindano yoyote ya goti, iwe steroidi, plazma au jeli, goti likiwa moto, likavimba na kuuma kiasi kwamba huwezi kulikanyaga, au ukapata homa na kutetemeka, hayo ni maambukizi hadi ithibitishwe vingine. Hutokea kwa nadra, lakini huharibu goti kwa muda mfupi mno, na mwenye kisukari yuko katika hatari zaidi. Usimeze dawa ya maumivu ukangoja asubuhi, na usirudi kwa kijana wa duka la dawa. Nenda hospitali kubwa idara ya dharura siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na uwaambie ulidungwa lini na ulidungwa nini.